Simon van der Stel: alifuata shaba, akaacha mimea ku karatasi

Leo tunapenda kuwahadisia maisha ya mtu wa zamani sana, Simon van der Stel, aliyekuwa mkubwa wa Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika ya Kusini. Amekufa tangu zaidi ya miaka 300. Tumemchagua juu alikuwa mtu wa kutafuta shaba, sawa sisi watu wa Katanga. Aliiona kweli, akaichimba, akaishika mu mikono. Lakini shaba ile haikumpatia kitu. Kilichobakia cha safari yake ni daftari moja na picha za mimea ambayo watu wa Ulaya hawakuwa wameiona. Na mimea ya inchi ile, leo tunapoandika, iko inaibiwa usiku na mchana.

Simon alizaliwa tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 1639, ndani ya meli, katikati ya bahari. Baba yake, Adriaan, alikuwa mfanyakazi wa kampani kubwa ya Waholanzi iliyofanya biashara ya Uhindi na Asia. Ile saa alikuwa anaenda kushika ukubwa wa kisiwa cha Morisi. Mama yake, Maria Lievens, alikuwa mtoto wa mwanamke mmoja wa Uhindi, Monica, aliyekuwa mtumwa kabla ya kupata uhuru. Kwa miaka mingi picha za mu vitabu zilimwonyesha Simon sawa Mzungu wa kila upande. Nkambo yake, lakini, alikuwa ametoka mu utumwa.

Hakupata utoto wa kutulia. Baba yake aliuawa kule Ceylon, inchi tunayoita leo Sri Lanka, Simon akiwa bado mtoto mdogo. Alikomalia Asia, mu mji wa Batavia, ule unaoitwa leo Jakarta. Alipofikia miaka 20 hivi, alipelekwa Uholanzi. Kule akaoa mwaka 1663 mwanamke wa jamaa kubwa ya Amsterdam, Johanna Jacoba Six, wakazaa watoto sita. Ndoa ile haikuwa na amani. Kampani ilipomtuma Afrika, mke alibakia Uholanzi, na hawakuishi tena pamoja.

Simon alifika Rasi mwezi wa 10 mwaka 1679. Rasi ile saa haikuwa inchi kubwa. Ilikuwa sawa kituo cha njia: meli za kampani zikitoka Uholanzi kwenda Asia zilisimama pale kutwaa maji, mboga na nyama. Kazi ya mkubwa wa Rasi ilikuwa kulisha meli na kupunguza garama. Mwaka ule ule alianzisha mji wa Stellenbosch, unaobeba jina lake hata leo. Alipanda miti ya mialoni mingi, juu mbao zilikuwa haba, na baadaye alilima mizabibu ku shamba lake la Constantia, pale mvinyo ungali unatengenezwa.

Tuseme pia upande wa pili, juu maisha ya mtu haiwezi kuhadisiwa nusu. Shamba lile lilifanyiwa kazi na watumwa. Udongo uliopewa walimaji wa Kizungu ulikuwa malisho ya Wakhoi, watu wa ng'ombe na kondoo waliokuwa pale mbele ya meli yoyote. Simon, ambaye nkambo yake alikuwa mtumwa, aliishi na kutajirika juu ya jasho la watumwa. Watu wa wakati ule hawakuona ajabu mu jambo hilo, lakini sisi tunaiona.

Mwaka 1681 njo kitu kikatokea cha kubadilisha maisha yake. Watu wa Nama, jamaa moja ya Wakhoi waishio mbali upande wa kaskazini, walikuja ku ngome ya kampani na vipande vya mawe yenye shaba. Mtu yeyote wa Kolwezi ao Likasi anajua ginsi jiwe la namna hiyo linavyofanya roho ya mkubwa wa kampani. Simon hakulala tena. Alituma watu watafute mlima wenyewe. Walirudi mikono mitupu, juu inchi ile ni kavu, na ng'ombe wa kuvuta magari walikosa maji na majani.

Mwaka 1685 mtu mmoja mkubwa wa kampani alipita Rasi kwa kukagua kazi. Jina lake Hendrik van Rheede. Huyu alikuwa mpenzi wa mimea: alikuwa ameanza kutoa kitabu kikubwa sana, cha mabuku mingi, juu ya mimea ya Malabar, kule Uhindi. Yeye njo alimpa Simon ruhusa ya kwenda mwenyewe ku mlima wa shaba. Basi tarehe 25 mwezi wa 8, mlolongo wa magari ya ng'ombe ulitoka ku ngome. Kulikuwa askari, wachimbaji, wapishi, watumwa, na Wakhoi wa kuonyesha njia na kutafsiri luga. Walibeba hata mashua moja, juu walitumaini kukutana na mito mikubwa.

Mu mlolongo ule kulikuwa mtu mmoja asiyebeba bunduki wala sururu. Aliitwa Hendrik Claudius, mtu wa Breslau, mwenye kujua dawa na mwenye mkono wa kuchora. Kazi yake ilikuwa kuchora kila kitu kipya: nyama, mijusi, ndege, watu, na zaidi ya yote mimea. Wengine walipopumzika chini ya magari, yeye alikuwa anapiga magoti mbele ya jani.

Safari ilikuwa nguvu. Njiani kifaru aliwarukia, akaelekea gari la mkubwa mwenyewe, na Simon akaruka chini na bunduki yake. Waliposonga kaskazini, miti ikawa haba, na mahali pake wakaanza kukuta mimea ya namna ingine: ile ya majani manene, yenye kujaza maji ndani ya mwili wake sawa mtu anavyojaza bidoni nyumbani. Inchi ya Nama haipati mvua mingi. Inanyesha kidogo wakati wa baridi, na ukungu unatoka baharini. Mmea usiojua kutunza maji hauwezi kuishi kule.

Mu ile mimea kulikuwa mti mmoja wa ajabu, mti wa podo. Shina lake ni nene, gamba lake linangaa, na matawi yake inagawanyika mara mbili, tena mara mbili, mpaka juu. Ukitazama mbali unafikiri mtu amepanda mti mizizi juu. Watu wa inchi walikuwa wanakata tawi, wanatoa nyama laini ya ndani, wanafunika chini kwa ngozi, na hapo linakuwa podo, ni kusema mfuko wa kubebea mishale. Claudius aliuchora, na daftari ya safari ikaandika ginsi watu wanavyoutumia. Hii njo mara ya kwanza mti ule ulichorwa ku karatasi. Lakini tusisahau: waliomfundisha walikuwa Wanama, na majina yao haiko chini ya picha.

Tarehe 21 mwezi wa 10 walifika ku mlima wa shaba. Mawe yalikuwa na rangi ya kijani ile tunayoijua sisi. Wachimbaji walitoboa mashimo matatu, wakapima jiwe, wakaona shaba ni nzuri. Furaha ilikuwa kubwa. Kisha hesabu ikaanza, na furaha ikapunguka. Mbao za kushikilia shimo hazikuwa. Kuni za kuyeyusha jiwe hazikuwa. Maji yalikuwa kidogo sana. Simon aliteremka mpaka baharini kutafuta mahali pa kusimamisha meli, lakini pwani ile ni mawe na mawimbi. Kupeleka shaba kwa magari ya ng'ombe mpaka Rasi kungekula franga zaidi ya ile shaba yenyewe ingezaa.

Walirudi ku ngome tarehe 26 mwezi wa 1 mwaka 1686, nyuma ya miezi mitano. Wakubwa wa kampani kule Uholanzi walisoma hesabu, wakaacha. Shaba ikabakia mu mlima.

Picha nazo zilikuwa na maneno yake. Kampani haikutaka mtu wa inchi ingine ajue kitu juu ya mali ya Rasi. Ikatokea kwamba padri mmoja Mfaransa, Guy Tachard, aliyepita Rasi mwaka 1685, aliandika kitabu mu Ufaransa na akasema wazi kwamba Claudius njo alimpa habari na michoro. Kitabu kilipofika mikononi mwa Waholanzi, Claudius alihesabiwa sawa mtu wa kufunua siri, akafukuzwa Rasi. Yule aliyepiga magoti mbele ya kila jani hakuliona tena. Daftari ya safari nayo ilipotea ku kampani. Ilionekana tena mwaka 1922, mu maktaba ya chuo cha Trinity, mji wa Dublin, na ikachapishwa mwaka 1932. Ile saa Simon alikuwa amekufa zamani.

Yeye mwenyewe alipandishwa cheo kuwa gavana mwaka 1691. Mwaka 1699 aliacha kazi, akamwachia mtoto wake Willem Adriaan. Mtoto alikosana na walimaji juu ya biashara aliyojiwekea mwenyewe, na mwaka 1707 kampani ikamwondoa. Mzee alikaa Constantia mu mashamba yake, akafa tarehe 24 mwezi wa 6 mwaka 1712, akiwa na miaka 72. Mlima wa shaba hakuurudilia tena kuuchimba.

Maisha ya Simon inaishia pale, lakini habari ya mlima wake ilikuwa bado kwisha.

Mwaka 1852 kampani zingine zilianza kuchimba inchi ya Nama, pale palipoota mji wa Springbok. Mu miaka ya 1870 mgodi wa Okiep, ulio karibu, ulihesabiwa mu migodi ya shaba yenye utajiri zaidi mu dunia. Reli ilijengwa mpaka baharini ku Port Nolloth, na mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu. Kile Simon alichokosa, ni kusema njia ya kufikisha jiwe ku meli, sasa kilikuwa. Kambi zikajaa, shule zikajengwa, watoto wakazaliwa kwa mshahara wa shaba. Kisha jiwe zuri likapunguka, na migodi ikafungwa mmoja nyuma ya mwingine. Tunajua sisi wenyewe kambi inavyofanana siku ile kampani inaenda: nyumba zinabakia, watu wanabakia, lakini posho haiko.

Na pale, wandugu, njo mimea ya Claudius inarudi mu hadisi.

Inchi ile kavu, inayoanzia Afrika ya Kusini mpaka kusini ya Namibia, iko na aina zaidi ya 6.000 za mimea, na karibu 40 kwa mia hazipatikani mahali pengine mu dunia. Kati yao kuna mimea midogo inayoitwa konofitumu. Mingine ni kidogo kuliko kucha ya kidole. Inakaa mu nyufa za mawe, ao kati ya vijiwe vyeupe, na ukipita bila kuangalia utafikiri ni jiwe. Wakati wa jua kali inajifunika kwa ngozi kavu na kulala. Mvua ya baridi ikifika, inapasua ngozi ile na kutoa maua. Kuna aina ambayo inaota ku kilima kimoja tu. Mmea wa ukubwa wa kidole unaweza kuwa na miaka mingi kuliko mtoto aliye mu shule ya sekondari.

Tangu mwaka 2019 hivi, wezi wameingia mule kwa nguvu. Watu wa inchi za mbali, wa Asia, Ulaya na Marekani, wanapenda kuweka mimea hii ku dirisha, na wengine wanataka ile iliyotoka porini, yenye alama za jua na mawe, si ile iliyokuzwa mu bustani. Oda inapita ku simu. Picha na mahali vinatumwa ku simu vilevile. Kisha mtu wa karibu anapanda kilima na bisu, anajaza mfuko, na mimea inafungwa mu karatasi na kutumwa mu vifurushi. Polisi na walinzi wa Afrika ya Kusini wamekamata zaidi ya milioni moja ya mimea mu miaka michache, na ile ni iliyokamatwa tu.

Nani anapanda kilima? Mara mingi ni maskini wa pale pale, mu inchi ambamo migodi ilifungwa na kazi haionekani. Anapewa franga kidogo, na anayeuza mbali anapata mara mingi zaidi. Akikamatwa, yeye njo analala mu gereza, na mnunuzi anaendelea kumwagilia mmea wake ku dirisha. Mchimbaji wa mkono yeyote wa inchi yetu anaijua bei ya namna hii. Hatuandiki kwa kumtukana maskini yule. Tunaandika juu kilima kikimalizwa, yeye pia atakuwa hana kitu cha kuuza, na mmea hautakuwa tena.

Mtu anaweza kusema: kama milioni imekamatwa, si wairudishe ku kilima? Haiko rahisi. Mwizi hasemi mahali alipochimba. Mimea inachanganyika mu mifuko, na kuirudisha mahali pabaya ni kuiua ao kuharibu ile ingine. Kwa hiyo mingi inatunzwa mu bustani za serikali, sawa wagonjwa wasio na anwani. Dawa nyingine ni mbegu: konofitumu inaweza kukuzwa kwa mbegu mu bustani, na anayeipenda kweli anaweza kuinunua kule kwa njia ya sheria. Lakini inakomaa polepole, na mwenye haraka hataki kungojea.

Wataalamu wamelazimika kufanya kitu kinachotukumbusha kampani ya zamani: wameanza kuficha mahali. Wakiandika juu ya aina mpya, hawasemi tena ni kilima gani. Zamani Claudius alifukuzwa juu ya kufunua siri iliyolinda franga ya kampani. Leo siri inalinda mmea wenyewe.

Mti wa podo nao uko taabuni. Huu unaharibiwa zaidi na joto. Upande wa kaskazini, Namibia, pale kunazidi joto na ukavu, miti mingi mikubwa imekufa imesimama, na midogo haioti kuchukua nafasi. Mti hauwezi kubeba vitu vyake na kuhamia kusini sawa mtu. Umewekwa mu orodha ya mimea iliyo mu hatari.

Sisi wa Katanga, habari hii haiko ya jirani tu. Vilima vyetu vya shaba viko na mimea yake. Watu wa kutafuta madini walijua tangu zamani: pale miti inaachana na maua fulani ya bluu yanaota mengi, chimba, mukuba uko chini. Ua lile, wataalamu wanaliita la Katanga, na Wafaransa wanaliita ua la shaba. Kuna hata mmea mmoja mdogo wa shina nene, wenye kutunza maji sawa ile ya Nama, ambao jina lake la kitaalamu, cupricola, maana yake ni mwenye kukaa mu shaba. Aina zingine zinajulikana ku vilima vichache tu vya kwetu, na mahali pengine mu dunia haziko. Walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamezichunguza na kujaribu kuzihamisha mbele ya mashine kufika. Tatizo ni kwamba udongo unaoupa mmea ule maisha njo udongo ule ule unaotupa sisi mshahara.

Hatusemi mgodi ufungwe. Sisi wote tunakula mu mgodi. Lakini kuna tofauti kati ya kilima kuchimbwa na kilima kuchimbwa bila mtu kuuliza mbele nini kilikuwa juu yake. Kuokota mbegu, kuandika aina, kuacha kipande kimoja bila kuguswa: kazi hii haisimamishi malori. Inaomba tu ifanywe mbele, juu nyuma haifanyiki tena.

Kule karibu ya Springbok, shimo moja la Simon van der Stel lingali linaonekana mu mwamba, na linalindwa na sheria sawa kumbukumbu ya inchi. Ndani haiko kitu. Inje, ku mitelemko ya inchi ile, miti ya podo ingali imesimama hapa na pale, sawa mu picha ya Claudius. Miaka karibu 340 imepita kati ya picha na sisi. Shimo litakuwa pale hata nyuma yetu, juu jiwe halifi. Mti njo unahitaji walinzi.